Ondoeni Pakiti Hizo Madhabahuni: Seli Inayokataa Kufa Ina Jina



Neno la leo si la kubembeleza. Naomba ulisome mpaka mwisho kabla ya kuandika Amina, na kabla ya kunitumia ujumbe wa hasira. Maandiko ya kusoma nyumbani ni 2 Wafalme 5, Zaburi 139 na Yohana 12:24. Fungua Biblia yako mwenyewe uhakikishe.

Kuna biashara imeingia kanisani. Iliingilia mlango wa ushirika wa akina mama, ikapita kwenye makundi ya WhatsApp ya maombi, na sasa imekaribia mimbari. Ni pakiti ndogo za unga. Muuzaji anakwambia ndani yake mna seli shina za tufaha, au za zabibu, na wengine wanasema za kondoo. Anakwambia uweke unga chini ya ulimi, na seli hizo zitajiendea zenyewe mpaka kwenye kongosho, zilitengeneze upya, sukari iishe. Mwenye figo mbaya, zitakwenda kwenye figo. Mtoto wa selimundu, zitakwenda kwenye damu. Kisha anachukua Ezekieli 47, pale nabii anapoona miti ambayo majani yake yanaponya, anabandika aya hiyo juu ya pakiti kama stempu ya serikali. Baadaye anakupa namba ya kulipia.

Mpendwa, kama ungekuwa unapoteza pesa tu, ningenyamaza nikuombee hekima. Lakini watu wanaambiwa waache dawa. Mwaka huu nimeketi usiku kwenye benchi la hospitali na mama mmoja ambaye mwanawe ana selimundu. Mtoto alikuwa anaendelea vizuri na haidroksiurea na vidonge vya foliki. Dada mmoja katika imani akamwambia dawa za hospitali "zinaua seli mpya", kwa hiyo aziweke kando mwezi mzima ili pakiti ifanye kazi. Mama akatii, kwa sababu aliyemwambia ndiye aliyekuwa akimshika mkono wakati wa maombi. Mtoto akaletwa usiku huo akilia kwa maumivu ya mifupa na kifua kinambana. Namshukuru Mungu yu hai. Lakini nilipomwangalia yule mama nikajua siwezi kunyamaza tena.

Basi sikilizeni. Mimi sipingi seli shina, kwa sababu Mungu ndiye aliyeziumba. Ninachopinga ni uongo unaosemwa kwa jina lake.

KWANZA: SELI SHINA NI KITU CHA KWELI, NA HAZIUZWI KWENYE PAKITI

Wewe unayesoma hapa ulianza ukiwa seli moja. Ikagawanyika zikawa 2, zikawa 4, zikawa 8. Seli za siku zile za mwanzo zingeweza kuwa chochote: mfupa, ngozi, moyo, jicho. Kisha zikaanza kuchagua kazi, na iliyochagua haikurudi nyuma. Leo una seli zaidi ya trilioni 30. Daudi hakuwa na hadubini alipoandika Zaburi 139, lakini alijua kwamba kuna Mmoja aliyekuwa akitazama kazi ikiendelea mahali ambapo mama yake hakuweza kuona.

Mungu hakumaliza akiba yote tumboni. Aliacha seli chache zisizochagua kabisa: kwenye uboho ndani ya mifupa, kwenye ukuta wa utumbo, kwenye ngozi. Hizo ndizo seli shina. Zinapogawanyika, nyingine hubaki kulinda ghala, nyingine hutoka kwenda kazini. Uboho wako hutengeneza takriban seli nyekundu milioni 2 kila sekunde. Ukimaliza kusoma sentensi hii, milioni kadhaa zimezaliwa, na hukulipa hata shilingi.

Mwaka 1961, huko Toronto nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli moja ya uboho inaweza kuzaa aina mbalimbali za seli za damu. Madaktari wakajifunza kupandikiza uboho kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na E. Donnall Thomas, aliyetangulia katika kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Na msikie vizuri, wazazi wa Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako ugonjwa huu umetuumiza zaidi: upandikizaji wa uboho unaweza kuponya selimundu. Tiba ya kweli ya seli shina ipo!

Lakini ulizeni inafanywaje. Kwa kawaida hutafutwa mtu ambaye aina ya tishu zake inalingana na ya mgonjwa, mara nyingi ndugu wa tumbo moja. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani. Hutengwa chumbani kwa wiki nyingi, kwa sababu hata mafua yanaweza kumuua. Seli huingizwa kwa mshipa, na wengine hawapati nafuu. Ni kazi ya machozi, gharama na uangalizi. Sasa wewe unaniambia kazi hiyohiyo inafanywa na unga wa tufaha chini ya ulimi, sebuleni, chai ikiwa mezani?

Mimea nayo ina seli shina, sikatai. Ziko kwenye ncha ya chipukizi na ncha ya mzizi. Ndiyo maana ukichuma majani ya sukuma wiki leo, wiki ijayo unachuma tena. Basi umekula seli shina za mimea tangu utotoni! Zimefanya nini? Zimekulisha. Tumbo lilizimeng'enya kama linavyomeng'enya kila kitu. Kama seli tunayoimeza ingehamia mwilini na kuwa kiungo, ungekula matumbo ya ng'ombe Jumamosi na Jumapili ungekuja ibadani ukicheua.

Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwamba kwa kuwasha jeni 4 tu, seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa iwe kama ile ya mwanzo, isiyochagua kazi. Mwaka 2007 ikafanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Hao ndio wanaojua jambo hili kuliko yeyote, na wanakwenda hatua kwa hatua, kwa miaka, wakipima. Anayekimbia kuliko wao ni muuzaji aliyehudhuria semina ya siku moja hotelini.

PILI: SELI ISIYOJUA JUU NA CHINI HAINA KAZI

Wanapenda kusema, "Seli hizi zinajua zenyewe pa kwenda." Ndugu yangu, kujua mahali pako na upande wako ndilo jambo gumu kuliko yote katika mwili.

Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, urefu wake milimita 1, ambao wanasayansi wameusoma seli kwa seli. Yai lake linapoanza halina mbele wala nyuma. Mbegu ya kiume inapoingia, upande ilipoingilia ndio unaokuwa nyuma. Protini fulani hukusanyika mbele, nyingine nyuma, na seli inapogawanyika haitoi nusu mbili zinazolingana: moja ni kubwa, moja ndogo, na kila moja ina kazi yake. Mwaka 1988 Kenneth Kemphues na wenzake walieleza jeni zinazosimamia mpango huo. Zikiharibika, yai linapoteza mwelekeo na kinyoo kinakufa kabla ya kuzaliwa. Seli zipo, uhai upo, lakini hakuna mbele wala nyuma.

Utumbo wako ni hivyohivyo. Kila seli ya ukuta wake ina uso wa juu unaotazama chakula, na uso wa chini unaotazama damu. Inapokea juu, inatoa chini. Ndivyo ugali unavyokuwa nguvu. Ukiigeuza kichwa chini miguu juu, utakula na kubaki na njaa. Madaktari wanapotazama kipande cha uvimbe kwa hadubini, moja ya dalili mbaya wanazotafuta ni seli zilizopoteza mpangilio, ambazo hazijui tena juu ni wapi na chini ni wapi.

Ndiyo sababu kuweka seli mahali pasipo pake si mchezo. Mwaka 2017 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilieleza habari za wanawake 3 wazee wa jimbo la Florida, waliokuwa na ugonjwa wa macho. Kliniki moja ilichukua seli kutoka kwenye mafuta ya miili yao, ikaziita seli shina, ikawadunga machoni. Walilipishwa pesa nyingi. Waliingia wakiona, ingawa kwa shida, na baada ya siku chache walikuwa wamepofuka au kubakiwa na mwanga kidogo tu. Zilikuwa seli zao wenyewe! Zilipelekwa tu mahali ambapo hazikuitwa.

Sasa niwaambie kwa nini nimewatuma 2 Wafalme 5. Naamani aliponywa ukoma bure. Elisha alikataa zawadi zake. Lakini Gehazi, mtumishi wa nabii, akamkimbilia yule mgeni njiani, akatunga hadithi, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi. Uponyaji uliotolewa bure, yeye akautoza. Mwisho wake, ukoma wa Naamani ukahamia kwake.

Gehazi ni seli iliyogeuka kichwa chini. Mtumishi anapokea kutoka juu na kutoa chini, kwa wagonjwa, kwa maskini, kwa wajane. Gehazi alipokea kutoka kwa mgonjwa. Na wewe unayemuuzia mjane pakiti ili mkubwa wako wa juu apate asilimia yake, jiulize unatazama upande gani. Ezekieli 34 ilishaandikwa juu ya wachungaji wanaojilisha kwa kondoo. Usidhani sura ile ilihusu Waisraeli peke yao.

TATU: SELI INAYOKATAA KUFA

Hapa ndipo uongo wao unapochukiza zaidi. Wanahubiri "seli zisizokufa". Wanasema kufa kwa seli ndiko ugonjwa, na kuzuia kifo ndiyo afya.

Tazama mkono wako. Ndiyo, weka simu chini kidogo uutazame. Kwenye wiki ya 6 ya mimba, mkono huo ulikuwa kama kafi la mtumbwi, kipande kimoja kipana. Kufika wiki ya 8, vidole vimeachana. Viliachanaje? Seli zilizokuwa katikati zilikufa. Hakuna aliyezikata, na hazikuugua. Zilipewa ishara kwamba kazi yao imekwisha, nazo zikaondoka. Bata ishara hiyo imezuiliwa miguuni pake, kwa sababu anahitaji kuogelea. Wewe ulihitaji kushika kalamu, kusuka nywele, kumfunga mtoto mgongoni, kuinua mikono mbele za Bwana. Kila kidole ulicho nacho kiko huru kwa sababu kuna seli zilizokubali kuondoka.

Yule mnyoo wa milimita 1 hutengeneza seli 1,090 za mwili wake. Kati ya hizo, 131 hufa, zinabaki 959. Ni 131 zilezile, kila mnyoo, kila mara. Kwa kufuatilia mambo haya Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa Nobel mwaka 2002. Walikuta hata jeni ambazo kazi yake ni kutekeleza kifo hicho. Kimepangwa. Kimeandikwa ndani.

Na tazama seli hiyo inavyokufa. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliipa hali hiyo jina la Kigiriki, apoptosisi, neno linalohusu majani yanayodondoka kutoka kwenye mti. Seli hujikunja, hujikatakata, hujifunga katika vifurushi vidogo, na jirani zake huvimeza kabla havijamwagika. Hakuna usaha wala uvimbe. Seli iliyoungua kwa maji moto haifi hivyo. Hupasuka, ikamwaga yaliyomo, na jirani zote wakawaka. Kuna kuondoka na kuna kulipuka, wapendwa. Wanaokaa kwenye kamati za kanisa wanajua ninachosema.

Sasa, seli inayokataa ishara hufanya nini? Mwaka 1988 huko Melbourne, Australia, David Vaux na wenzake waliichunguza jeni iitwayo BCL-2, inayohusika na aina moja ya saratani ya tezi. Wengi walidhani kila jeni ya saratani huzifanya seli zizaane haraka. Hii haikuwa hivyo. Ilizizuia zisife. Seli ambayo ilipaswa kuondoka ilibaki, na nyingine ikabaki, zikajazana.

Kwa hiyo anayekuuzia "seli zisizokufa", muulize kama anajua anachokuahidi. Seli inayokataa kufa wakati wake ukifika ina jina, na wengi wetu tumezika watu kwa sababu yake. Jina lake ni saratani.

Mahubiri yetu nayo yameugua ugonjwa huohuo. Tumehubiri kukua, kupanuka, kuongezeka, kuvuka mipaka, mwaka baada ya mwaka. Ni lini mara ya mwisho ulisikia mtu akishangilia mahubiri ya kujikana? Yesu katika Yohana 12 alizungumza habari ya punje ya ngano ambayo isipozikwa hubaki peke yake. Paulo aliuona kufa kwake kuwa jambo la kila siku. Sisi tunataka mavuno ya punje ambayo haikuingia udongoni. Kanisa lililozoea injili ya kukua bila kufa ni soko tayari kwa pakiti za uhai bila kifo. Muuzaji hakulima shamba. Alikuta tumeshalima.

Lakini angalieni sana hapa. Msichukue mfano huu wa seli mkaenda nao kwenye matanga. Usimwambie mama aliyefiwa na mtoto kwamba "ilipangwa, ni kama seli". Mtoto si seli ya kuachanisha vidole. Mwili ndio unaopoteza seli ili mtu aishi, na mtu huyo ni mzima mbele za Mungu. Biblia bado inakiita kifo adui, soma 1 Wakorintho 15. Kwa mfiwa, kaa kimya, chemsha chai, lia naye.

MAJIBU YENU NAYAJUA

"Mchungaji, kwani Mungu hawezi kutumia pakiti?" Mungu anaweza kutumia chochote. Katika Yohana 9 Yesu alitumia tope. Lakini Yesu hakuuza tope.

"Mimi nilipona, nina ushuhuda." Nitafurahi nawe. Ila maumivu ya selimundu huja na kuondoka hata bila pakiti. Na aliyeambiwa anywe unga, aache soda, apunguze chapati na atembee jioni, sukari yake itashuka, na si kwa sababu ya unga. Leta vipimo vya kabla na vya baada, tuvisome pamoja na daktari. Ushuhuda wa kweli hauogopi kupimwa. Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa kuhani.

"Dawa za hospitali ni kukosa imani." Luka alikuwa tabibu, akatembea na Paulo, akaandika vitabu viwili vya Agano Jipya. Kumeza dawa na kuomba havijawahi kugombana. Wanaovigombanisha wana kitu cha kuuza.

"Mchungaji, maisha ni magumu, hii ndiyo riziki yangu." Dada yangu, hapo nanyenyekea, kwa sababu najua bei ya unga na karo ya shule. Uza mandazi, uza mitumba, uza mboga, nami nitakuwa mteja wako wa kwanza. Lakini usiuze tumaini la uongo kwa mtu aliyelala kitandani. Pesa hiyo ni ya Gehazi, na ilikuja na kitu kingine ndani yake.

TUNAFANYA NINI BASI?

Kama unatumia dawa za sukari, presha, selimundu, Ukimwi au saratani, usiache hata kidonge kimoja kwa neno la muuzaji, hata kama muuzaji huyo ananena kwa lugha. Ukitaka kubadilisha, zungumza na daktari wako.

Ukiletewa dawa yoyote, uliza maswali manne. Imesajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa? Ndani yake mna nini hasa? Ilijaribiwa kwa wagonjwa gani, na nani? Je, anayeniuzia ananiambia niache dawa zangu? Jibu la swali la nne likiwa ndiyo, funga mlango. Huhitaji jibu la yale mengine.

Wasimamizi wa makundi yetu ya maombi, kuanzia leo hakuna tangazo la tiba ya kuuza humo. Kundi la maombi ni la maombi. Yohana 2 inaonyesha Bwana alivyoziona meza za biashara ndani ya nyumba ya Baba yake, na hakuzipangia ratiba.

Na wewe uliyeuza, sikutaji jina na sitakutaja. Zakayo katika Luka 19 hakungoja kutajwa. Rudisha pesa za yule mjane. Mwambie arudi kliniki, na ikibidi umsindikize. Aibu hiyo ni ndogo, na hiyo ndiyo seli inayojifunga vizuri na kuondoka bila kumwaga sumu kwa jirani.

Tuombe. Bwana, wewe uliyetuumba tukiwa sirini, tunakushukuru kwa kila seli inayozaliwa na kwa kila inayoondoka kwa wakati wake. Wahurumie wagonjwa wetu waliodanganywa kwa jina lako. Wape madaktari wetu mikono yenye uangalifu. Utufundishe kupokea kutoka juu na kutoa chini, na kile kilichopaswa kufa ndani yetu, kife. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama neno hili limekugusa, usiishie kuandika Amina hapo chini. Mpigie simu mgonjwa mmoja unayemjua, umuulize kama amemeza dawa zake leo.

Mchungaji wenu.